Mbwa anakata roho, yeye anacheka na kurekodi!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua, yule wa "mbwa wa kizungu, bei maelewano", hata sangara wa soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza wanamjua.

Kaniuzia buldogi wa Kifaransa, uso bapa kama chapati iliyokaliwa. Leo saa saba mchana, kutoka getini hadi chini ya mwembe, hatua kumi na tano tu, mtoto wa watu kaanguka. Ulimi zambarau, povu mdomoni, matundu ya pua yamebana hata njiti ya kiberiti haipiti. Nikambeba mbio hadi kwake. AKACHEKA! Akatoa simu, akarekodi! "Huyo anakoroma kishua, we mshamba."

Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Huyu atahema vipi, wakati wamemfupisha pua kizazi hadi kizazi mpaka kaakaa linaziba koo? Uholanzi tangu 2019 mbwa mwenye mdomo mfupi kupita kipimo haruhusiwi kupandishwa. Sisi Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na jamaa anapandisha jike lilelile kila likiingia joto, kaka kwa dada. Halafu anarekodi! Mbwa anakata roho, yeye anasogeza simu apate ulimi vizuri!

Daktari wa mifugo kamlowesha maji, kamwekea feni, yuko hai. Ila kile kicheko, wakuu. Kile kicheko!

Mwana wa Igoma: Umetoa laki ngapi mkuu? Mi nina koko, anakula mifupa ya sato, daktari hamjui, wezi wanamjua.

Dada Nyegezi: Ulinunua kwa macho, sasa unalia kwa pua. Ila pole, jike langu la aina hiyo lilipasuliwa ndo likazaa. Vichwa vya watoto vikubwa, nyonga ndogo.

Mleta uzi: Dada, na wewe alikurekodi?

Baharia wa Kamanga: Afadhali nyie. Mi niliuziwa vifaranga mia, "wote majike mkuu". Leo alfajiri wamewika wote.

Mwana wa Igoma: Mia?! Ni yule wa Buzuruga?

Baharia wa Kamanga: Huyohuyo!

Dada Nyegezi: Huyo ana hela yangu ya pumba tangu Pasaka. Nikipiga simu anapokea mtoto, "baba yuko Ukerewe".