Mjadala: Aliyehukumiwa kwa kutesa mnyama, azuiwe kufuga?

Ndugu zangu, nalileta hili kwa uchungu. Juzi Wete, huku kwetu Pemba, kwenye mlima wa kutoka bandarini, nilimkuta punda kasimama na gari la mchanga. Kamba ya kifuani imemla ngozi mpaka nyama yaonekana, na nzi wameshatua. Mwenyewe hakumpunguzia hata koleo moja. Alimchapa kwa kipande cha mpira, pale pale penye donda.

Mtu huyu akishitakiwa akatozwa faini, ataitafuta kwa safari za mchanga, na atakayezivuta ni punda yule yule. Basi hakimu apewe uwezo wa kumzuia kufuga. Uingereza wanao, umo katika sheria yao ya 2006. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Bara, ya 2008, haitufikii, kwani mifugo si jambo la Muungano. Wa kutunga ni Baraza letu la Wawakilishi la Zanzibar.

Mchukuzi, Chake Chake: Dada yangu, huyo wa Wete kakosa, simtetei. Lakini mimi punda ndiye anayepika kwangu. Ukimzuia baba, watoto wale nini? Na atamwandikisha punda kwa jina la shemeji yake, kesho yuko barabarani.

Maalim, Mkoani: Sote tumesoma chuoni, katika hadithi ya Mtume, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Kumfuga hakukumpa ruhusa ya kumtesa.

Mwenye mada: Kaka yangu, watoto sijawasahau. Ndiyo maana sisemi marufuku ya maisha; hata Uingereza, mtu huweza kuomba afunguliwe baada ya mwaka, kama mahakama haikutaja muda mwengine. Tena nasema aliyehukumiwa, si kila mwenye punda mwenye kidonda. Kidonda chatibika, na wengi mnawapumzisha.

Hila ya shemeji wenzetu wameifunga: marufuku yao hukataza kumiliki, kutunza, kusafirisha, hata kuwa na sauti juu ya mnyama wa mtu mwengine. Na huku kwetu sheha, kiongozi wa mtaa, anajua punda wa nani analala banda gani. Nakala ya hukumu ifike kwake, na ukionekana umeshika hatamu, umevunja amri.

Linalonikosesha usingizi ni punda mwenyewe. Akishachukuliwa, nani atampa majani na maji? Wenye mabanda, semeni.