Naomba ushauri: kamera ya Canon R6 Mark II au Sony A7 IV kwa harusi za usiku?

Assalaam aleikum wapendwa. Mimi ni mpiga picha wa kike hapa Lamu, na kazi yangu kubwa ni kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya bibi harusi, ambako wanaume hawaingii. Natumia Canon 6D. Picha zake bado nazipenda, lakini ina nafasi moja tu ya kadi. Kadi ikiharibika usiku ule, bibi harusi nitamwambia nini?

Sasa nayumba kati ya hizo mbili. Zote zaweka kadi mbili. Sony ina megapikseli 33, Canon 24, na kwa albamu 24 zanitosha kabisa. Tena lenzi zangu za EF, zile za kamera za Canon kama 6D yangu, zaingia kwenye R6 kwa adapta.

Wasiwasi wangu hasa ni taa. Kumbi zimejaa LED za rangi, na shata ya elektroniki huweza kuacha mistari kwenye picha. Hina nyeusi mkononi, dhahabu, vikuba vya asumini, vyote vyataka rangi ya kweli. Mnaozitumia usiku, mwatumia shata gani? Na lenzi ya EF kwa adapta yashika fokasi ya jicho la mtu upesi kwenye mwanga hafifu, au niweke pesa za lenzi za RF, zile za R6 yenyewe, kabisa?