Naomba ushauri: uga wa umeme katikati ya chaji mbili

Habari wakuu. Uga wa umeme, E = F/q, nauelewa: ni nguvu (F) kwa kila kulombi moja ya chaji (q). Kwa chaji moja ya nukta, E = kQ/r² (k ni namba isiyobadilika, Q ni chaji, r ni umbali kutoka kwayo), kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili, uga unabaki robo. Hapo sina shida.

Kinachonitatiza ni chaji mbili chanya zilizo sawa. Katikati yake uga ni sifuri, maana misukumo inapingana na kufutana. Lakini volti pale pale si sifuri, zenyewe zinajumlishwa tu! Na kipimo cha uga, N/C (niutoni kwa kulombi), tunaambiwa ni sawa na V/m (volti kwa mita). Volti zipo, uga hakuna, inakuwaje? Au uga unafuata jinsi volti zinavyobadilika kwa umbali, si wingi wake? Mwenye mchoro wa kunyoosha hili anisaidie.