Yule daktari wa tai nyekundu LEO KANITUKANIA MZEE WODINI

Mutoto_wa_Ibanda: Watu wa Bukavu, jina sitaji, mnamjua. Yule wa tai nyekundu, mwenye marashi yanayofika wodini akiwa yeye bado Nyawera. Leo asubuhi, mbele ya bamama wote na vyungu vyao, ananiuliza: "Huyu mzee wenu anaoga kweli?"

ANAOGA KWELI!

Mzee aliingia kupasuliwa ngiri, mwili mzima hana hata upele. Kidonda kimeozea humo humo kwao. Mimi nimeuliza kitu kimoja tu: dokta, seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, anachomwa kila siku na usaha hauishi, mbona hamuupeleki labo? Akacheka. Akainama kwenye kidonda, tai ikatangulia kuangalia, kisha akahamia kitanda cha pili bila sabuni, tai ile ile! Hiyo tai inalamba vidonda tangu enzi za Zaïre. Halafu wa kuoga ni baba yangu? Mbele ya bamama?

Mwana_Kadutu: Ila swali hujajibu. Anaoga? 😂

Labo_ya_usiku: Inaweza kuwa bakteria Klebsiella. Ikibeba jeni ya CTX-M-15, inatengeneza kimeng'enya kinachokata seftriaksoni vipande, hata mkichoma lita. Na jeni hiyo iko kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria wanapeana, kwa hiyo Klebsiella anamgawia E. coli, bakteria wa jirani, hivi hivi, bure. Mikono ya watu wa wodi inamaliza safari. Bila antibiogramu, kile kipimo cha labo cha kuonyesha dawa gani inaua kidudu, mnabahatisha. Tai nazo, Uingereza walitangaza mwaka 2007 kuziondoa wodini.

Mutoto_wa_Ibanda: Mwambieni huyo! "Anaoga kweli", ananiambia MIMI!

Mukubwa_Nguba: Hivyo vidudu vinatoka Kamembe, kule Rwanda. Watu wanavuka Ruzizi kwenda kulazwa, wanarudi navyo.

Mama_Mapendo: Na wa Kamembe watasema vinatoka kwetu. NDM-1, kimeng'enya kingine cha kukata antibiotiki, ilionekana mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Uswidi aliyelazwa New Delhi, wakaibandika jina la mji ule, Wahindi wakawaka. Kidudu hakiombi jetoni ya kuvukia mpakani, baba. Mimi mwenye kuniudhi ni yule wa duka la dawa pale sokoni, anauza antibiotiki kimoja kimoja: "Mama, meza mbili leo, zingine ukipata pesa." Njo maana hazituponyi tena!

Motari_Mupole: We angalau umeuziwa ukaenda nyumbani. Bibi yangu amezaa, wamemshika wodini mpaka nilipe faktire, na kila usiku anaolala pale wanaongeza faktire. Hivyo vidudu vyenu si vitamkuta hapo hapo?

Mwana_Kadutu: Pongezi Motari!! Wa kike ao wa kiume?

Motari_Mupole: Mapacha.

Mutoto_wa_Ibanda: Jamani, na mzee wangu?

Mukubwa_Nguba: MAPACHA! Bia iko kwako leo.

Motari_Mupole: Bia gani, mukubwa? Faktire ni mbili.

Mama_Mapendo: Mbili namna gani, kitanda si kimoja? Piga picha ya hiyo karatasi, uiweke hapa.