MX-5 1.6 ya 1991: ngumu kuwaka ikiwa moto, na harufu ya petroli nyuma ya viti

Oringi91

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Mazda MX-5 kizazi cha kwanza, injini 1.6, ya 1991. Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto, ukiizima ukaiacha dakika 20 hadi 30, lazima upige starta sekunde 6 au 7 ndipo ishike, kisha inakohoa kidogo kabla ya kutulia. Pia kuna harufu ya petroli nyuma ya viti, kali zaidi tangi likiwa limejaa. Ukiacha filta, mfumo wote wa mafuta ni wa kiwandani.

Nimepanga kubadilisha pampu, filta, mipira yote ya mafuta na oringi (pete za kuzibia) za nozeli kwa mkupuo mmoja. Nianze na kipi? Mpira wa aina gani unafaa? Na je, nitumie fursa hii kuweka pampu kubwa zaidi?

Venia8mm

Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Harufu inayokua tangi likijaa inatoka juu ya tangi: mipira mifupi iliyo pale, gasketi ya bamba la pampu, au mpira wa kujazia mafuta na ule mwembamba wa kupumulia. Hiyo haihusiani na kuwaka, lakini ndiyo ya kwanza kushughulikia kwa sababu ni hatari ya moto. Usiijaze tangi hadi ukimaliza.

Anza na mipira. Soma maandishi ubavuni mwake kabla ya kulipa. SAE J30R7 (J30 ni kiwango cha mipira ya mafuta, R7 ni daraja lake) ni ya magari ya kabureta, uwezo wake ni presha ya psi 50, na mfumo wako unafika psi 46 ukiwa mzima kabisa. Hakuna nafasi iliyobaki hapo. Unataka J30R9, ya psi 100. Ndani ya tangi mambo ni tofauti tena: kipande kile kifupi kinachounganisha pampu na bomba lake kinazama kwenye petroli ndani na nje, na R9 haikutengenezwa kwa hilo. Ngozi yake ya nje hulainika, ikavimba, mwisho hupasuka. Pampu inabaki inazunguka huku mafuta yakirudi humohumo tangini. Hapo weka J30R10 pekee.

Upana usikisie. Pima kila bomba la chuma kwa venia (kipimo cha taya cha milimita), la kupeleka na la kurudisha, maana si lazima yalingane. Kata mpira kwa wembe, si kwa koleo, uingize takriban mm 25 juu ya bomba, klampu ikae nyuma ya uvimbe wa bomba na si juu yake. Tumia klampu za mkanda laini zinazokazwa kwa boliti. Zile za matundu hukata mpira, na R9 iliyokatwa haina faida kuliko R7.

Pampu usinunue bado. Kwanza pima presha.

RileiKavu

Naunga mkono kupima. Hiyo dalili ya kukataa ikiwa moto mara nyingi ni presha isiyobaki kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) baada ya kuzima. Petroli iliyobanwa huchelewa kuchemka. Presha ikiondoka, joto la injini huigeuza kuwa mvuke ndani ya reli, na kwenye 1.6 pampu haizunguki ukifungua ufunguo tu, inasubiri starta. Zile sekunde 6 ni pampu inafukuza mvuke.

Kuna njia tatu za presha kutoroka: valvu iliyo ndani ya pampu inayozuia mafuta yasirudi, regulata ya presha (inayorudisha mafuta ya ziada tangini), au nozeli zinazovuja. Dalili ya nozeli ni moshi mweusi unapowaka, na gari hushika upesi ukikanyaga pedali hadi chini. Kukohoa bila moshi kunaelekeza kwenye mbili za kwanza.

Gari hili halina sehemu ya kuchomeka geji, kwa hiyo utaingiza kiungo cha T kwenye mpira wa kupeleka mafuta karibu na reli. Kabla ya kugusa mpira wowote shusha presha: fungua kifuniko cha tangi, washa injini, chomoa soketi ya rilei (swichi ya umeme) ya pampu chini ya dashibodi, subiri izime yenyewe. Halafu toa hasi ya betri, ambayo iko kwenye buti. Funika mpira kwa tambara unapouvuta, kwa kuwa bado kuna mafuta ndani.

Geji ikishafungwa, rudisha soketi na betri. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti unganisha tundu za F/P (pampu ya mafuta) na GND (ethi) kwa kipande cha waya, fungua ufunguo, pampu itazunguka bila injini. Vipimo vya kutafuta:

Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga pedali) na mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) umefungwa kwenye regulata: kPa 210 hadi 260.
Mpira wa vakyumu ukitolewa na kuzibwa: kPa 270 hadi 320 (320 ndiyo ile psi 46).
Dakika 5 baada ya kuzima: isishuke chini ya kPa 150 hivi.

Ikishuka, rudia. Mara tu unapozima pampu, bana mpira wa kurudisha kwa koleo la meno laini. Presha ikikaa, regulata imekufa. Ikishuka vilevile, rudia tena ukibana mpira wa kupeleka, upande wa tangi kabla ya T. Ikikaa, ni valvu ya pampu. Ukibana yote miwili na bado inashuka, basi nozeli. Usibane mpira wa kurudisha pampu ikiwa inazunguka, presha itapanda ghafla kupita kiasi. Na usibane mipira ya 1991, itapasuka mikononi. Ndiyo sababu mipira mipya inatangulia.

Ukiutoa mpira wa vakyumu wa regulata, unuse. Ukikuta petroli ndani, utando wa regulata umechanika na hakuna haja ya kupima zaidi.

TangiSafi

Kuhusu pampu kubwa: hapana, kwa injini isiyoongezwa nguvu. Pampu za lita 255 kwa saa zinajulikana kwa kuizidi regulata ya kiwandani ya gari hili. Injini ikiwa sailensa inatumia mafuta kidogo mno, yaliyobaki yote lazima yapite kwenye regulata, na tundu lake halitoshi. Presha inapanda, gari linakunywa mafuta na plagi zinakuwa nyeusi. Chukua ya kiwango cha kiwandani.

Oringi91

Asanteni sana. Mipira ya chini ya boneti na ya juu ya tangi ni R9 sasa. Mmoja wa juu ya tangi ulikuwa na nyufa ukiupinda, na harufu imekwisha. Vipimo: sailensa 235, vakyumu ikitolewa 290. Dakika 5 baada ya kuzima imeshuka hadi 60. Nikibana wa kurudisha inashuka vilevile. Nikibana wa kupeleka inabaki 270.

RileiKavu

Basi ni valvu ya pampu. Regulata na nozeli zako ziache. Oringi za nozeli nazo subiri hadi siku utakapoitoa reli kwa sababu nyingine. Siku hiyo zipake oili safi ya injini, usitumie silikoni, na kumbuka vile vipande vinavyokaa kati ya reli na manifoldi. Nozeli iliyokaa vizuri huzunguka kwa vidole.

TangiSafi

Kabla ya kufungua, tangi liwe chini ya robo, gari liwe mahali penye hewa, kizima moto kiwe karibu. Ukishashusha presha, hasi ya betri itoke *kabla* ya bamba la pampu kufunguliwa na isirudi hadi lifungwe, kwa sababu cheche yake itakutana na mvuke.

Nyuma ya viti inua zulia, toa bamba la chuma, kisha futa na kupuliza vumbi lote lililo juu ya tangi. Miaka 30 ya mchanga imelala pale na itaanguka ndani. Skrubu za bamba la pampu huwa na kutu: zipake mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, tumia bisibisi inayojaa mdomo wa skrubu, na fungua kwa mkono, si kwa mashine ya umeme.

Kabla ya kuichomoa pampu ya zamani, ipige picha. Angalia mambo mawili. La kwanza ni waya: ukizigeuza, pampu itazunguka kinyume, utasikia mlio lakini presha hakuna. La pili ni upande ambao chujio la wavu limeelekea. Likiwekwa vibaya linagusa ukuta wa tangi, bamba halikai, au pampu inavuta hewa kwenye kona mafuta yakipungua. Gasketi iwe mpya.

Mulika ndani ya tangi kwa tochi isiyotoa cheche. Ukikuta kutu au gundi ya mafuta ya zamani, safisha kwanza. Filta iko chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, nyuma ya kinga. Ibadilishe baada ya tangi na pampu, mshale ukielekea kwenye injini.

Venia8mm

Ukimaliza, zungusha pampu kwa F/P na GND dakika 2 na upapase kila kiungo kwa karatasi kavu kabla ya kupiga starta. Na kama injini itawaka ukiwa umeshika ufunguo kisha izime ukiuachia, usiilaumu pampu mpya. Kwenye 1.6 swichi inayoiweka pampu hai iko ndani ya mita ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), inafungwa na kile kibao kinachosukumwa na hewa. Mpira mkubwa wa hewa kati ya mita na throto ukipasuka au ukilegea, kibao hakisogei. Kaza klampu zake kwanza.