Kutoka Kigoma kwenda kuona matumbawe Mafia: tuchague tarehe zipi, na vifaa vya ziwani vinafaa?

Katonga_Mawe
Wakuu, salaam. Tupo wanne hapa Kigoma, wote tunaogelea vizuri na tumezoea kuangalia samaki wa kwenye mawe ya ziwani kwa miwani na mrija. Mwezi wa 11 tunataka siku tatu ghuba ya Chole, Mafia. Tarehe zipi nzuri? Vifaa vyetu vya ziwani vitafaa baharini? Na papa potwe, yule papa mkubwa mpole, anaonekana safari hiyohiyo?

Maji_Mafu
Mkuu, angalia mwezi kabla hujakata tiketi. Ziwani maji hayajai wala hayapwi, kwa hiyo wengi wa huko wanakuja tarehe yoyote. Huku siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kupwa kabisa kunaangukia kama saa nne asubuhi. Mtafika ufukweni mkute chombo kimekaa juu ya mchanga. Jioni maji yakijaa, jua limeshaanza kulala na mwanga wa chini umepungua.

Tafuteni maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana: siku ya 8 hadi 10 tangu mwezi uandame, au ya 23 hadi 25. Hapo maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na mkondo ni mpole. Ingieni yakiwa yamebakiza muda wa saa mbili kujaa. Maji yanayoingia kupitia mlango wa Kinasi yanatoka bahari kuu na ni maangavu. Yakianza kutoka, yanabeba tope la mikoko na uoni unapungua haraka. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya leo msiitumie kesho.

Kinasi kwenyewe msiogelee bila nahodha anayepajua. Maji ya ghuba nzima yanapita pale pembamba, na hakuna muogeleaji anayeushinda mkondo ule.

Mrija_na_Mapezi
Vifaa ni vilevile, ila chumvi ina mambo yake. Ziwani mkitoka mnakung'uta tu na kutia kwenye mfuko. Baharini kila jioni loweka miwani na mrija kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa nusu saa. Chumvi ikikauka kwenye kile kiplastiki laini cha valvu chini ya mrija, kinainuka kidogo, na kesho yake unavuta maji badala ya hewa. Punje moja ya mchanga inatosha kufanya hivyohivyo.

Miwani ijaribuni hukohuko Kigoma: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikidondoka, haikufai. Mara nyingi kinachovujisha ni unywele mmoja chini ya mpira, au sharubu. Kioo kipya kina utando wa kiwandani: kisugue kwa dawa ya meno mara mbili tatu, la sivyo ukungu hautaisha hata uteme mate kiasi gani.

Jambo la pili ni kuelea. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Mtu wa kilo 70 anapata msukumo wa juu kama kilo 1.75 zaidi ya ziwani. Kwa kuangalia kutokea juu ni faida. Kwa anayezamia kwa pumzi na mkanda wa uzito, uzito wa ziwani hautamshusha.

Vaeni viatu vya mpira. Kwenye mchanga buruzeni miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aondoke, na konokono mwenye umbo la pia msimwokote hata akionekana mtupu. Ana mwiba wa sumu.

Maji_Mafu
Kuhusu papa potwe: yuko upande wa Kilindoni, magharibi mwa kisiwa, si ndani ya ghuba. Oktoba hadi Machi ndiyo majira yake, kwa hiyo Novemba inafaa. Tengeni asubuhi nzima kwa ajili yake. Kaeni mita tatu toka ubavuni na nne toka mkiani, bila kumgusa, na msimzibie njia mbele.

Barabarani: Dar hadi Nyamisati, mnavuka kwa chombo hadi Kilindoni, kisha Utende, kijiji cha kwenye ghuba. Bebeni vitambulisho vya NIDA, maana ada ya hifadhi kwa raia ni tofauti na ya mgeni.

Katonga_Mawe
Asanteni sana. Tukichoka tunaweza kusimama juu ya mwamba tupumzike? Ziwani tunasimama kwenye mawe.

Mrija_na_Mapezi
Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Jiwe la ziwani ni jiwe. Tumbawe ni mnyama. Lile la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na unyayo mmoja unaua ngozi yake. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na mengi mnayoyaona yamekua baada ya hapo. Ombeni jaketi okozi kila mmoja. Ukichoka, lala chali, inua mkono, subiri chombo. Na maji yakiwa chini ya mita moja juu ya mwamba, usipige mapezi: pitia pembeni yake.