Tupeane uzoefu: usiku wa kupeleka hati mahakamani kwa mtandao

Karani wa Nkrumah
Kijana anayefanya mafunzo ofisini kwetu kaniuliza leo, "Kwani zamani mlikuwa mkipanga foleni masijala mkingoja nini?" Nikabaki kumtazama. Huyu hajapata kukimbia na jua la alasiri, nakala kwapani, akifika dirishani aambiwe karani kenda kuswali. Siku hizi hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, maelezo yao na vielelezo vyote vyapakiwa kwa PDF. Mfumo wenyewe wapiga hesabu ya ada, walipa kwa simu, namba ya kesi yaja na ile E yake mbele, alama ya kesi ya mtandao. Ukitazama kwa mbali ni kazi ya kunywa maji. Wenye visa vya usiku wa mwisho semeni, najua mko wengi.

Mwana wa Tudor
Kazi ya kunywa maji mpaka bosi alale na namba ya siri iko kichwani mwake.

Bint Kibokoni
Mie sisahau Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Nyote mwaujua usiku ule, stima zilikatika Kenya nzima.

Alasiri katujia mama mmoja wa Likoni, mguu una vyuma. Aligongwa na gari tarehe 26 Agosti 2020. Hesabuni wenyewe. Dai la ajali ni miaka mitatu, ikipita huna kesi, una hadithi. Miaka yote hiyo watu wa bima walimwambia "subiri mama, faili yako iko mezani", naye akasubiri kwa adabu zake.

Wakili wangu ni mwanamke asiye na maneno mengi. Akavua viatu, akasema, "Tuandike." Yeye amhoji mama, mie napiga chapa. Ripoti ya polisi ilikuwa imekunjwa ndani ya leso, ya daktari imemwagikiwa chai. Na kiapo hakiapwi kwa mtandao mkaridhika, yataka kamishna wa viapo, na Ijumaa jioni utampata wapi? Tukampata mmoja Bondeni, yu barazani kwake na kikombe cha kahawa. Mama akaapa, mzee akagonga mhuri, tukarudi mbio kuskani.

Nimo kwenye kielelezo cha mwisho, saa nne kasorobo, giza. Nikadhani ni jengo letu. Nikachungulia dirishani, Nkrumah Road yote nyeusi. Waifai imekufa, laptopu ina chaji kidogo, na mtandao wa simu unatambaa kwa sababu Mombasa nzima inapigiana kuulizana "na kwenu pia?"

Tukashuka ngazi kwa tochi za simu. Mama na magongo yake hataki kubaki, ati kesi ni yake. Tukaenda petroli stesheni yenye jenereta, tukaketi juu ya kreti za soda karibu na mashine ya upepo. Faili ikagoma. Picha za jeraha zilikuwa nzito mno, nikazipunguza pale pale zikawa nyeusi na nyeupe. Zikapanda. Ada ikatoka. Simu ya wakili haina pesa za kutosha, mkobani ana noti! Yule kijana wa kujaza mafuta akachukua noti, akatutumia kutoka kwenye laini yake. Hatumjui, naye hatujui sisi.

Ujumbe wa risiti ukaingia, namba ikatoka. Mie niliogopa kutazama saa. Wakili akatazama, akasema, "Tumo." Akavaa viatu.

Upande wa pili walileta pingamizi kwamba tumechelewa. Risiti ikasema tarehe 25. Baadaye waliketi na sisi, wakalipa kabla kesi haijasikilizwa.

Shekhe wa Majengo
Subhanallah. Chai yangu imepoa.

Wakili wa Kale
Mlibahatika, binti yangu. Ofisi ya mahakama hufungwa jioni, si usiku. Mngeangukia kwa hakimu mwingine angesema siku ilikwisha zamani.

Karani wa Nkrumah
Kwa heshima zako Wakili, mahakama zimesema mara kadha wa kadha kwamba hati imewasilishwa pale ada inapolipwa. Ililipwa siku ile ile.

Wakili wa Kale
Zilisema hivyo tangu siku za dirisha, na dirisha lilikuwa na saa zake.

Mwana wa Tudor
Si mnaomba muda tu? Amri ya 50 ya Kanuni za Madai inampa hakimu uwezo wa kuongeza siku.

Bint Kibokoni
Hiyo ni kwa siku za kanuni, kama za kuleta utetezi. Miaka mitatu ni ya sheria, kuiongeza yataka ruhusa na sababu maalumu. Usije ukampoteza mtu hapa.

Mswahili wa Philadelphia
Asalaam aleikum. Mie nafanya kazi na mawakili huku Marekani. Mahakama za shirikisho zatumia mfumo wa kupokea hati kwa mtandao unaitwa CM/ECF, na kanuni yasema siku ya mwisho huisha saa sita usiku kwa saa ya mahali mahakama ilipo. Ila mahakama ya rufaa ya hapa kwetu, ya kanda waiitayo mzunguko wa tatu, tangu Julai 1, 2023 ilisogeza hadi saa kumi na moja jioni. Mawakili wengi walipinga, haikusaidia.

Wakili wa Kale
Mwaona! Hata Wamarekani wamerudi jioni.

Mswahili wa Philadelphia
Mahakama moja hiyo, mzee wangu.

Wakili wa Kale
Huanzia kwa moja.

Popo wa Makupa
Hayo yote madogo. Ofisi moja ya mawakili, siitaji, wakili wake alikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yake. Karani ana faili mbili kwenye laptopu: "mwisho" na "mwisho kabisa". Moja ni kiapo cha kujibu ombi, nyingine orodha ya michango. Mshaelewa.

Ikapakiwa orodha, ada ikalipwa, wakili wa upande wa pili akapelekewa kwa baruapepe. Huyo bwana akafungua, akakuta jina lake. Ahadi: elfu ishirini. Alicholeta: sufuri. Mbele ya jina lake kuna alama ya wino mwekundu.

Siku ya kesi kutajwa mahakamani akasimama: "Mheshimiwa, tumepokea kiapo, lakini yaliyomo twayapinga vikali, hasa mstari wa kumi na saba." Hakimu akafungua kwenye kompyuta yake, akasoma kimya, akasoma tena, akauliza harusi lini.

Bint Kibokoni
Alilipa??

Shekhe wa Majengo
Wino mwekundu ni dhuluma. Mtu ahadi yake ni baina yake na Mola wake.

Mwana wa Tudor
Na pilau alikula?

Popo wa Makupa
Meza ya mbele.

Wakili wa Kale
Basi deni hilo limeingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Na kwa kuwa halizidi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo inatosha. Hukumu ndani ya siku 60.

Karani wa Nkrumah
Jamani, mada!

Mama Saada
Samahanini, mie si wakili. Jirani yangu anadai kodi yake na hana pesa za wakili. Aweza kujifungulia mwenyewe kwa mtandao?

Mwana wa Tudor
Aweza, ajisajili kama mtu binafsi. Aende saiba wamskanie.

Bint Kibokoni
Saiba asiende! Ataacha paswadi yake kwenye mashine, kesho ajikute ameondoa kesi. Mahakamani watamsaidia kujisajili.

Shekhe wa Majengo
Mie nilikwenda saiba, sikuona ubaya. Ila futa faili zako kabla hujainuka.

Karani wa Nkrumah
Mwambie kila karatasi aipe jina lake kamili, lisiwe "mwisho". Na risiti aihifadhi, atumie na nakala kwa mtu mwingine. Kisha asikae akidhani mpangaji kashajua. Kumpelekea mdaiwa hati ni juu yake. Tangu kanuni zirekebishwe mwaka 2020 yafaa hata kwa baruapepe au kwa ujumbe wa simu, bora aape kiapo cha kuonyesha kwamba zilifika.

Mama Saada
Kwa hivyo atapanda mtandaoni, kisha atamtafuta kamishna Bondeni, kisha arudi mtandaoni?

Karani wa Nkrumah
Ndiyo, mama.

Mama Saada
Nyie mwasema foleni zimekwisha.

Popo wa Makupa
Bint Kibokoni, nimeuliza. Alileta elfu tano na birika la umeme.